Mapovu Matatu Ndani ya Kioo

Jumapili, saa kumi na nusu alasiri. Mvua ilianza misa ya pili ikitoka na bado inanyesha, mvua ya Bukavu isiyo na haraka, kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Nimekaa dirishani na hasira ambayo sijui niielekeze wapi.

Nianze na Tonton Mugisho, kwa kuwa yeye ni mkubwa. Zamu yangu itafika.

Hapa mtu mzima yeyote huitwa tonton, mjomba; Mugisho si ndugu yangu wa damu. Ni mzee mwenye studio ya picha pale Nyawera, na ndiye aliyenifundisha kazi hii. Shule ya picha sijaiona hata kwa nje. Miaka kumi na moja iliyopita nilimbebea mifuko kwenye harusi, nikamtazama anavyofanya, nikauliza, nikakaripiwa, nikauliza tena. Nilipooa, yeye ndiye aliyesimama kuwa parrain wetu, msimamizi wa ndoa, kanisani. Mke wangu akinikasirikia, simu ya kwanza anampigia yeye.

Yeye pia ndiye aliyenionyesha njia ya mtu asiye na kitu. Lenzi mpya ya kamera ya digitali, objectif kama tunavyoiita hapa, ni ndoto ya watu wengine. Lakini zile za zamani, za wakati wa filamu, bado zipo. Nyingine zinashuka na viatu vya mitumba kutoka Ulaya, nyingine zinalala kwenye makabati ya familia ambazo baba alikuwa akipiga picha. Unanunua pete ya chuma, unaifunga kati ya lenzi na kamera, unazungusha kwa mkono mpaka jicho la mtu litulie. Haina motor, haina akili, na picha yake inaweza kumfanya bibi harusi alie kwa furaha.

Kazi ni kuchagua. Tonton alinifundisha kuipima lenzi kama daktari. Iinue uitazame dhidi ya mawingu. Washa tochi ya simu upande wa nyuma uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na katika mji huu wa ziwa na mvua kuvu hula kioo kama panya wanavyokula unga wa muhogo. Zungusha pete ya lenzi yenyewe uone kama inakwama. Tazama vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga. Vikiwa na mafuta, vitachelewa. Itikise karibu na sikio.

Yote hayo ni kweli. Nimeyajaribu kwa miaka na hayajawahi kuniangusha.

Hapo ndipo panaponiuma. Alitia uongo mmoja katikati ya kweli nyingi, kama jiwe ndani ya mchele, na mimi nilikuwa nameza bila kutafuna.

Uongo wenyewe ulihusu mapovu. Baadhi ya lenzi nzuri za zamani zina vipovu vidogo sana ndani ya kioo, duara, kama vile vya soda. Siku ya kwanza nilipoviona, Tonton alininyang'anya ile lenzi mkononi haraka sana.

"Haya njo mayai ya kuvu, petit," aliniambia. Petit, mdogo, ndivyo anavyoniita. "Leo iko mayai, kesho yatapasuka. Na ikilala mu mufuko moja na zingine, zote zinakufa."

Tulikuwa wanafunzi watano. Sote tuliamini. Kila tulipokuta lenzi yenye mapovu, tulimpelekea yeye aifungue atoe skrubu, maana alisema skrubu zenyewe haziugui. Alikuwa na kabati la kufunga kwa kufuli. Tuliliita kabati la wagonjwa. Tulipita mbele yake kwa adabu.

Na mimi, mtu mwenye blogu, sikuliweka somo hilo moyoni tu. Nililiandika hapa, kwa herufi kubwa: UKIONA MAPOVU, KIMBIA. Watu wakaanza kuniita Docteur. Msomaji mmoja wa Minova alinitumia ujumbe wa kujivunia, kwamba amechukua lenzi ya babu yake yenye mapovu akaitupa ziwani, mbali, kwa nguvu zake zote. Nikamjibu kwa alama ya dole gumba.

Dole lenyewe bado lipo. Nimelitazama mchana huu.

Sasa Maman Nabintu.

Mume wake alikuwa mpiga picha wa harusi na komunyo, mtu mpole, nilikutana naye mara mbili tatu kazini. Alifariki miaka miwili iliyopita. Mwezi wa sita mwaka huu Maman Nabintu aliniita nyumbani kwake kwa sababu ya binti yao, Ansima, mwenye miaka ishirini na miwili. Shangazi yake alikuwa amemtumia kamera ya digitali, lakini kamera tupu, bila lenzi. Ansima alitaka kuanza kazi ya baba yake. Swali lao lilikuwa moja: je, lenzi ya marehemu inaweza kuingia?

Maman Nabintu aliitoa kabatini ikiwa imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Aliifungua polepole. Kwenye mwili wake kulikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Mume wake aliiweka ili vifaa vyake visichanganyike na vya wenzake kwenye sherehe.

Nilisimama dirishani, nikaiinua. Safi kabisa. Pete ilizunguka bila kukwama na bila kulegea. Vibati vikavu. Nilikuwa tayari kufungua mdomo niwape habari njema. Ndipo nikaona, karibu na ukingo wa kioo, mapovu matatu, yamekaa kama mafiga ya jikoni.

Nikavaa uso wa daktari.

"Pole, maman. Iko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini?"

"Ya kuvu. Mayai yake njo haya."

"Inaambukiza?"

"Sana."

Neno moja tu. Baada ya kulisema nilimaliza soda waliyonipa.

Ansima alichungulia begani kwangu. "Lakini tonton, papa alipiga nayo miaka yote. Hii mapovu haikukuwa mule?"

"Kuna magonjwa inalala kwanza," nilimwambia.

Sijui hata nililitoa wapi jibu hilo. Lilikuja lenyewe, limevaa koti jeupe.

Nilijitolea kuiondoa nyumbani mwao. Nilipanda moto, pikipiki ya abiria, huku nimeshika mfuko wa plastiki wenye mafundo mawili, mkono nimeunyoosha mbali na begi langu la kamera. Dereva aligeuka mara mbili, mwishoni akashindwa kuvumilia.

"Grand, umebeba nyoka?"

"Mbaya kuliko nyoka."

"Basi shuka."

Nilimwongezea kidogo, tukaendelea. Tonton aliupokea mfuko kwa kitambaa. Aliinua lenzi kuelekea mlangoni, akaguna, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Baada ya wiki mbili alikuza picha ya marehemu, akaitia kwenye fremu nzuri, akanituma niipeleke kwa Maman Nabintu kama zawadi. Mama wa watu alilia. Mimi nililia. Nilirudi nyumbani nikaandika hapa ukurasa mzima kuhusu moyo wa Tonton Mugisho. Sitaufuta. Ukae uniaibishe.

Jana, Jumamosi, tulikuwa Mumosho kwenye sherehe ya mahari. Tulikuwa wawili: Tonton kwa picha za wazazi waliokaa, mimi kwa wale wanaokimbia. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupokelewa, hotuba zimekwisha, wamama wameanza kuimba. Tonton akaletewa bugali na nyama ya mbuzi.

"Shika hii, petit. Mikono iko na mafuta."

Akanipa kamera yake. Miezi hii yote alikuwa akitumia lenzi iliyozungushiwa utepe mweusi, na nilipomuuliza alisema inateleza mkononi. Lakini jana kulikuwa na jua kali, gundi ililegea, na ncha ya utepe ilikuwa imejikunja. Mtu mwenye heshima angeirudisha mahali pake. Mimi niliivuta kwa ukucha.

Nyekundu.

Nikaiondoa lenzi kwenye kamera, nikaiinua juu kuelekea upande wa mto Ruzizi, palipokuwa na mwanga. Mapovu matatu. Yamekaa kama mafiga.

Nilienda nikachuchumaa kando yake.

"Tonton. Hii haiko ya papa ya Ansima?"

Hakuacha kutafuna. "Njo yenyewe."

"Ulisema utaifungua utoe skrubu."

"Nilifungua. Nikapangusa. Nikafunga."

"Na mayai ya kuvu?"

Hapo alicheka mpaka akalazimika kunywa maji. "Petit, miaka yote hii na weye ungali unaamini ile? Mapovu ni ya ku kiwanda. Kioo muzuri ya zamani ilikuwa inazaliwa nayo. Picha haiyaone ata kidogo."

"Sasa juu ya nini ulitufundisha vile?"

"Juu mulikuwa batano, na objectif za muzuri zilikuwa kidogo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya samaki. Kisha akanitazama, na macho yake yalikuwa ya upole, naapa, ya upole.

"Ningekuambia iko muzima, ungeniletea?"

Wamama walikuwa wakiimba kwa nguvu, nikajifanya sikumsikia.

"Kula nyama," alisema. "Inapoa."

Nikala.

Hilo ndilo ungamo langu la kwanza leo. Nilikaa chini karibu na mtu aliyenigeuza mkono wake wa kuchukulia vitu, nikala nyama yake, tena nikasema ni tamu. Ilikuwa tamu. Halafu nikairudisha lenzi kwenye kamera, nikambandikia na utepe.

Niliporudi nyumbani nilifungua picha zake kwenye kompyuta, maana mimi ndiye ninayezipanga. Nilitaka ziwe mbaya. Kuna moja ya mama wa binti, amegeuka nusu, anatazama ng'ombe wa mwisho akiingia uani. Mashavu yake yana mwanga kama wa asubuhi, na nyuma yake majani ya migomba yameyeyuka kuwa duara za kijani. Katika miaka yangu yote sijapiga picha kama hiyo. Ningeweza kuwa nimepiga kumi. Lenzi tatu za namna hiyo nimezipeleka kwenye kabati la wagonjwa kwa mikono yangu, na nimehesabu zile ninazozikumbuka tu.

Lakini si lenzi inayonikosesha raha. Mtu anaweza kuiba kitu chako ukasema, sawa, ni mwizi. Huyu hakuiba. Alinipa macho, kisha akakaa nyuma yake akachagua nini nione. Na alinipenda hivyo hivyo. Siwezi kusema alikuwa anaigiza. Nilipougua alikuja kila siku na supu. Ningependa sana supu ile iwe ya unafiki, mambo yangekuwa mepesi.

Asubuhi hii, baada ya misa ya kwanza, nilikwenda kwa Maman Nabintu. Nilipita mbele ya lango lake mara mbili. Mara ya kwanza nikanunua vocha ya simu ambayo sikuihitaji. Mara ya pili nikasimama kumsikiliza mtu akieleza ubaya wa barabara, na mimi nikamwongezea hoja. Mara ya tatu nikaingia.

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Picha ya marehemu, ile ya zawadi, ipo ukutani juu ya televisheni. Nilimweleza yote: mapovu, Tonton, utepe, Mumosho. Nilieleza vizuri kupita kiasi, kama mtu aliyejiandaa. Nilitegemea atalia au atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

Aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo haikukuwa na ugonjwa."

"Hapana, maman."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitazama, akaliweka kando.

"Ulisema inaambukiza," alisema.

"Nilisema."

"Mu kabati mulikuwa negatifu zake. Carton mbili. Zilikuwa zinalala pamoja na ile objectif miaka yote. Nikasema, hizi nazo zimeshapata. Zitaua picha za mu album." Aliutikisa ungo kidogo. "Nilizichoma. Kwenye makaa, kule nyuma. Ilinuka siku mbili."

Niliitazama picha ya ukutani.

"Ya harusi yetu pia ilikuwa mule."

Hakulisema kwa kunishtaki. Hiyo ingekuwa afadhali. Alikuwa anapanga mambo tu kichwani, hiki kiliondoka na kile, kile kiliondoka na hiki, na mwanzoni mwa mstari wote nimesimama mimi na uso wangu wa daktari na soda ya bure.

Carton mbili. Harusi, ubatizo, komunyo, wazee ambao sura zao hazipo popote pengine. Kazi ya maisha ya mtu. Hakuna aliyemwambia azichome. Nililosema mimi ni "sana", na yeye alikuwa mtu makini akalifuata neno mpaka mwisho wake. Tonton alichukua lenzi, na lenzi inaweza kurudi. Kilichoungua kiliungua kwa dawa yangu.

Ansima alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Kamera yake bado anayo. Alijaribu kuiuza mwezi uliopita, mnunuzi hakutokea.

"Tonton," aliniambia, "kesho saa mbili niko Nyawera, kwa ile studio. Uje."

"Nitaenda mwenyewe. Nitaongea naye, mimi ananisik..."

"Hapana. Weye umeshaongea. Utasimama tu pale. Mimi njo nitaongea."

Mama yake hakuinua kichwa, lakini niliona ameacha kuchambua.

Niliporudi nilifungua ule ukurasa wa herufi kubwa, na haya ndiyo yaliyo pale sasa, chini ya uongo wangu, ambao nimeuacha uonekane umekatwa mstari. Povu ni duara, lina ukingo safi, linang'aa, halikui na halihami. Halina uhusiano wowote na kuvu. Kuvu ina nyuzi na matawi, inatambaa kama mizizi. Lenzi ya zamani yenye mapovu mawili matatu, pete laini na vibati vikavu, ichukue uende nayo nyumbani, na mtu akikuambia ni mgonjwa, muulize yeye anatumia ipi. Na kama ulitupa kitu kwa sababu yangu, niandikie. Sina cha kukurudishia, lakini niandikie.

Yule wa Minova nimemwandikia mimi kwanza. Amejibu baada ya nusu saa: "Docteur, pale nilipotupa ni kina kirefu sana." Nimeisoma mara nyingi. Hakuna tusi ndani yake, nimetafuta.

Mvua inapungua. Mke wangu ameuliza kwa nini Tonton amepiga simu mara tatu na mimi sipokei. Nimemwambia. Ameuliza kama najua kwamba nusu ya kazi zangu zinatoka kwake. Najua. Ameuliza tena kama najua kwamba yeye ndiye parrain wetu. Najua hilo pia. Akasema basi kesho nivae shati lililopigwa pasi.

Najua itakavyokuwa. Ansima atasema, "Nimekuja kuchukua objectif ya papa," na Tonton hatamtazama Ansima. Atanitazama mimi. Ataniita petit. Ataniuliza kama nimekula. Na mimi, ambaye kwa miaka kumi na moja sijawahi kumtazama mzee huyo bila kushusha macho, nitatakiwa kusimama mbele ya kabati lile, ambamo hulaza pia kamera yake, mdomo umefungwa, mpaka alifungue.

Nitaweza?

Nyawera ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Nimeweka simu iniamshe saa kumi na moja.